Maombi Niliyoyaelekeza Jikoni

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza na simu mziweke chini. Ninasikia mnavyosema siku hizi kwamba mtu anatakiwa kujijua ndani, kujisikiliza, kukua kiroho. Wajukuu wangu wananionyesha kwenye simu watu waliokunja miguu juu ya mkeka, wamefumba macho, wanatabasamu. Sina ugomvi nao. Lakini mimi nimefumba macho kila asubuhi kwa zaidi ya miaka arobaini, magoti chini, nikisema na Mungu kwa sauti kubwa, na sikujijua hata kidogo. Kufumba macho si kazi. Hata kuku anafumba. Kazi ni kuona kilicho ndani ukiwa umefumba.

Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Kisha baba akasema mihogo haimngoji mtu amalize kitabu, nikarudi shambani Makobola. Kwa hiyo nitasema kama ninavyosema nyumbani. Mkikuta neno la Kifaransa limeandikwa vibaya, mlirekebishe wenyewe, ninyi ndio mmesoma.

Niliolewa Uvira, kartye ya chini, mtaa wa karibu na ziwa. Mume wangu alijenga nyumba ya matofali, vyumba viwili, na jiko nyuma lenye sakafu ya simenti. Jiko lile lilikuwa langu. Nilianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, mbele ya nyumba, nikauza sokoni, nikalea watoto, nikamzika mume wangu. Kisha ziwa likapanda. Halikuja kwa hasira. Lilikuja polepole kama mgeni anayesogeza kiti. Mwezi huu liko kwenye choo, mwezi ujao liko jikoni, siku moja ninaamka kandambili zangu zinaelea kando ya kitanda. Mwanangu alikuja na rafiki zake, wakabeba godoro na masufuria, wakanipandisha mpaka nyumbani kwake, kartye ya juu, chini ya mlima.

Watu walipokuja kunipa pole niliwajibu kwamba nyumba ni matofali tu, Mungu atatoa mengine. Wakaisifu imani yangu. Mimi pia nikajisifu.

Mwanangu anafanya kazi kwenye mashua za mizigo zinazokwenda Kalemie, kwa hiyo majuma mengi hayuko. Nyumba ile ilikuwa na mke wake, watoto wao watatu, na sasa mimi. Mke wake amezaliwa Kiringye, huko tambarare ya Ruzizi kwenye mashamba ya mpunga. Amemaliza shule, ana diplome, anafundisha watoto wa mwaka wa pili. Ni mtu wa maneno machache. Mimi nilidhani maneno machache ni dharau.

Asubuhi ya kwanza nyumbani mwao niliamka, nikapiga makofi mawili, nikasema, tuombe. Hakuna aliyeniomba niongoze. Mkwe wangu alikuwa na maombi yake mafupi aliyozoea kuyafanya na watoto wake kabla ya shule. Sikuuliza. Mimi ni mama shemasi, ninaosha vikombe vya Meza ya Bwana, nani mwingine angeongoza? Wakapiga magoti, mimi nikafungua mdomo.

Sasa sikilizeni nilivyokuwa ninaomba. Ninaona haya kuyaandika lakini nitayaandika. Nilisema: Bwana, wewe unajua kwamba mwanamke mwema huamka kabla ya jogoo, basi mguse kila mama wa nyumba hii. Katika nyumba hii mama walikuwa wawili, na mmoja alikuwa amekwisha amka. Siku nyingine nilisema: Bwana, tunakushukuru kwa sombe ya jana ijapokuwa mchanga ulikuwamo, tufundishe kuosha majani ya muhogo vizuri. Siku nyingine nilimwomba Mungu awalinde watoto wasije wakajifunza Kifaransa cha kuwadharau wazee. Mjukuu wangu mkubwa, msichana wa miaka kumi na mmoja, alikuwa anauma midomo asicheke. Nikimaliza, wote wanasema Amina, na mkwe wangu pia anasema Amina, kisha anachukua mfuko wake wa madaftari anakwenda shuleni.

Mimi nilijiona mtu mpole. Kwetu mama mkwe anayepiga kelele anachekwa na avenyu nzima. Mimi sikupiga kelele hata siku moja. Kama nilikuwa na neno, nilimwambia Mungu. Ndivyo nilivyojieleza.

Kanisani kwetu Meza ya Bwana inaandaliwa kila baada ya miezi mitatu. Jumamosi inayotangulia, sisi washiriki tunapita kuombana msamaha ili mtu asiikaribie Meza akiwa na kisirani na mwenzake. Ni desturi nzuri. Lakini sisi tulikuwa tumeifanya kama salamu. Unafika mlangoni, unasema, “Kama nilikukosea mahali, unisamehe.” Mwenzako anajibu, “Nilisha kusamehe, na weye unisamehe.” Unakwenda nyumba nyingine. Mimi niliweza kumaliza avenyu nzima kabla ya saa sita, na bado nikapata muda wa kununua makala ya kupikia.

Nilikuwa ninapita hata kwa jirani yangu Mwislamu, mama anayeuza vitenge, ambaye wazee wake walikuja na biashara kwenye ziwa hili zamani sana. Ukuta wa nyumba yake na wa kwetu ni mmoja. Jumamosi moja kama hiyo alinicheka.

“Kila miezi mitatu unaniombaka musamaha,” alisema. “Ulinikosea wapi? Ao unatanguliza, utanikosea kesho?”

Nikamwambia aache mzaha, anisamehe, niko na haraka. Akanisamehe huku anakunja vitambaa vyake.

Nyumbani nilimkuta mkwe wangu amekaa kwenye benchi uwanjani, anasahihisha madaftari ya wanafunzi kwa kalamu nyekundu. Nikasimama mbele yake, nikatoa maneno yangu kama nilivyoyatoa kwa wengine. Hakuinua kichwa.

“Kosa gani, Mama?”

Nilidhani hakusikia. Nikarudia.

“Nimesikia. Ninauliza ni kosa gani.”

“Lolote,” nikasema.

“Lolote haiko kosa. Utaje moja tu, nitakusamehe sasa hivi.”

Nikatafuta. Ninawaambia ukweli, vijana, nilitafuta na sikuona kitu. Nikaona mwanamke mzee aliyejitahidi, aliyeosha vikombe vya kanisa, asiyepiga kelele. Nikamwambia kwamba kama hakuna basi hakuna. Akafunika kalamu yake kwa kifuniko, taratibu.

“Minye niko nalo,” alisema. “Kila asubuhi unanisemaka kwa Mungu mbele ya watoto wangu. Na minye ninaitika Amina. Ninaitika Amina juu ya matusi yangu mwenyewe. Masomo ikifunga, nitaenda na watoto kwa mama yangu, Kiringye. Nilisha kumwambia bwana yangu.”

Nikauliza mwanangu alimjibu nini.

“Alisema nikuheshimu. Ninakuheshimu. Njo maana ninakuambia weye mwenyewe.”

Akafungua daftari lingine.

Nilikasirika. Nilitoka moja kwa moja nikaenda kwa jirani yangu muuza vitenge, nikakaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa, nikamweleza yote, nikingoja anihurumie. Nilimweleza kwamba wasichana wa leo wakipata diplome wanataka hata kusahihisha maombi ya watu. Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau.

“Sisi muntu akisimama kuswali, kwanza anatia nia. Moyoni, pasipo kelele. Anajua anasali nini, na kwa ajili ya nani. Weye, rafiki yangu, asubuhi unaombaka kwa nani? Kwa Mungu, ao kwa muke wa mutoto yako? Maana minye niko upande huu wa ukuta, ninasikia yote. Hata minye nilijua sombe yenu ilikuwa na mchanga.”

Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo kwetu ni aibu.

Kesho yake kanisani niliviosha vikombe kama kawaida, nikavipanga. Sahani ya mkate ilipofika kwenye benchi letu, niliishika, sikula, nikampa aliyekaa kando yangu. Kikombe pia nilikipitisha bila kunywa. Miaka yote ile sikuwahi kukipitisha. Nilisikia mabenchi ya nyuma yakinong’ona, mama shemasi ana nini. Baada ya ibada mchungaji aliniita, akauliza kama nina neno na mtu. Nikamwambia kwamba nina neno ndani yangu na silijui jina. Akasema ataniombea. Nikamwambia asiniombee kwanza, aniache nilitafute.

Yalibaki majuma tisa masomo kufungwa. Nilihesabu. Watoto wale watatu ndio waliokuwa wamebaki mkononi mwangu baada ya maji kuchukua mengine yote. Yule mdogo alikuwa analala mgongoni pangu kama kobe. Kama mama yao angewapeleka Kiringye na kukaa huko, nani angemlaumu? Ningebaki na ukuta na jirani anayenisikia. Nikaapa kwamba nitalijua kosa langu kwa jina kabla ya siku ile, hata likinivunja.

Jambo la kwanza lililonishinda ni namna ya kujitazama. Nilijaribu kitandani, nikalala. Nilijaribu kwa kupiga magoti, na mara tu magoti yanapogusa sakafu, mdomo unaanza wenyewe, kama redio. Mdomo wangu ulizoea mno. Mtu aliyezoea kuomba kwa maneno mengi ana mahali pazuri sana pa kujificha. Hilo mlikumbuke.

Kwetu kartye ya juu bomba linaweza kukaa siku nne bila tone. Tunashuka ziwani kuchota. Mimi ninabeba bidoni ya lita kumi kichwani, maana ile ya ishirini magoti yalikwisha ikataa. Siku moja nilikuwa ninarudi, nikafika kwenye mlango wa parsele, kiwanja chetu, nikamsikia mkwe wangu anacheka kwenye simu na mwanangu. Kitu kikapanda kutoka tumboni mpaka kooni. Nilikijua kitu kile, kilikuwa kinapanda kila siku, lakini siku zote nilikuwa ninatua maji na kuanza kutafuta sufuria isiyooshwa. Siku ile nikasimama. Nikajiambia: mama, hutatua bidoni hii mpaka umejua unaingiza nini katika nyumba ya watu.

Jibu la kwanza lilikuja haraka: nimechoka. Nikalikataa. Nimebeba maji tangu utoto, uchovu ninaujua sura yake. Jibu la pili: anamaliza unite za simu ovyo. Hilo nalo nikalikataa, kwa sababu mwanangu ndiye aliyepiga. Shingo ilianza kuuma. Shingo ni mwalimu mkali, haiwezi kungoja uongo wa tatu na wa nne. Ndipo jibu likaja, dogo, la kitoto kabisa: wanacheka, na mimi hakuna aliyeniita.

Nikatua bidoni. Niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto. Mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu, ananuna kama msichana ambaye hakupewa nafasi ya kuruka kamba.

Tangu siku ile nikafanya sheria. Kila ninaporudi na mzigo kichwani ninasimama mlangoni, ninatafuta kilicho ndani, ninakiita kwa jina lake la chini, si jina la kanisani. Nisiseme “uzito wa roho”, niseme wivu. Nisiseme “mzigo wa huduma”, niseme ninataka kusifiwa. Ndipo ninaingia. Siku nyingine ilikuwa hasira, siku nyingine woga. Mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, kosa kubwa la mkwe wangu lilikuwa njaa yangu, na nilipokula viazi vitamu viwili likaisha.

Watoto, ambao bibi yao wananiita Koko, walinicheka. Yule wa katikati alisema, “Koko amekuwa nguzo ya umeme.” Yule mdogo alikuja kunivuta kikwembe nilichojifunga, akauliza ninamngoja nani. Nikamwambia ninajingoja mimi mwenyewe. Akafikiri, kisha akauliza, “Na utafika saa ngapi?”

Msidhani nilibadilika. Kujua ni jambo moja na kuacha ni jingine. Kama juma la nne, yule wa katikati alikuwa anafanya hesabu zake za shule, akaniuliza, nami nikamwambia ni sawa, aandike. Mama yake akapita, akatazama, akasema si sawa, akamwonyesha. Watoto wakacheka. Hawakunicheka kwa ubaya, walicheka tu. Mimi nikacheka nao. Jioni ile sikuchota maji, kwa hiyo sikusimama mlangoni, nikalala na kile kitu ndani yangu.

Asubuhi tukapiga magoti, nikaanza: Bwana, wewe ndiwe hekima, hekima haiko katika karatasi za diplome, wala katika…

Hapo nikajisikia. Sauti ile ilinifikia kana kwamba niko ng’ambo ya ukuta, kwa jirani, ninamsikiliza mama fulani anayemtukana mtoto wa watu huku amefumba macho. Nikanyamaza katikati. Watoto wakangoja. Mdogo akafungua jicho moja.

“Haya haiko maombi,” nikasema. “Musiitike Amina.”

Hakuna aliyejua la kufanya. Msichana mkubwa akauliza kama wasimame. Nikamwambia wasimame, wakanawe, wasichelewe bure kwa ajili yangu. Mkwe wangu alinitazama. Nilitegemea aseme neno, hata moja. Akachukua mfuko wake akaenda. Hiyo pia ilibidi niibebe, maana nilitaka kulipwa papo hapo kwa kunyamaza kwangu, na kunyamaza kwangu kulikuwa ni deni tu.

Siku ile ile nilishuka ziwani. Maji yalikuwa yamerudi nyuma kidogo kwa ajili ya kiangazi. Mahali tunapochotea si mahali pa zamani, ni uwanja wa watu waliohama. Nikatembea kando ya maji, nikaona sakafu ya simenti imetoka nje, nyeusi, ina utelezi. Nikaijua kwa ufa wake. Lilikuwa jiko langu. Msichana mmoja nisiyemjua alikuwa amechuchumaa juu yake, anasugua masufuria kwa mchanga. Akaniona nimesimama, akasogea, akaniambia kwa adabu, “Karibu, mama. Nafasi iko.”

Alinikaribisha jikoni kwangu.

Kile kitu kilipanda kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia. Nilitaka kumwuliza nani alimpa ruhusa. Nilitaka kumtaja Mungu pia, nimwambie kwamba Mungu anamwona. Bidoni yangu ilikuwa bado tupu, sikuwa na mzigo wa kunisimamisha, lakini shingo ilikuwa imekwisha jifunza. Nikasimama. Nikaona kwamba niliposema nyumba ni matofali tu, nilidanganya. Nilidanganya watu, nilimdanganya Mungu, wakanipigia makofi. Sikuililia nyumba ile hata siku moja. Nilipanda na masufuria yangu, nikaingia katika jiko la mwanamke mwingine, nikalitawala, kwa sababu langu lilikuwa ndani ya maji na sikutaka mtu ajue kwamba ninaumia. Hilo ndilo lilikuwa jina nililokuwa ninalitafuta. Wivu na njaa na kutaka sifa vilikuwa watoto wake.

Nikakaa kwenye kipande cha ukuta nikalia. Msichana yule akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia kwamba pale nilipika miaka thelathini na moja. Akasema pole, akaanza kukusanya masufuria yake aondoke. Nikamwambia akae, amalize kuosha.

Sikungoja Jumamosi ya kuombana msamaha. Alasiri ile mkwe wangu aliporudi na kuwasha mbabula ya makala, nilikwenda mpaka mlango wa jiko, nikasimama nje, nikapiga hodi. Akageuka kwa mshangao, maana tangu nilipofika sikuwahi kupiga hodi pale. Alikuwa anasonga bugali, na bugali haliachwi, kwa hiyo aliendelea kusonga huku ananisikiliza.

“Nimekuja na makosa yangu,” nikasema. “Nilichukua maombi ya nyumba yako pasipo kukuuliza. Nilikusema kwa Mungu mbele ya watoto wako: juu ya kuamka, juu ya sombe, juu ya diplome yako. Wakati unacheka na bwana yako kwenye simu, niko na wivu. Na yote ile inatoka mahali pamoja: jiko yangu iliingia mu maji, na sikumwambia hata muntu mumoja kama iliniuma. Hayo njo makosa. Unisamehe hayo.”

Akasonga, akasonga. Nilisikia mwiko unagonga sufuria.

“Ya sombe,” alisema mwishoni, “mchanga ulikuwamo kweli.”

“Ulikuwamo.”

“Lakini ungeniambia minye.”

“Ningekuambia weye.”

Akaepua sufuria, akajipangusa jasho kwa mkono. Akasema amesikia, na kusamehe atasamehe, si leo yote, kidogo kidogo. Lakini Kiringye atakwenda, mama yake amekwisha andaa mahali pa watoto.

Nilitaka kumwuliza kama atarudi. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Nikalimeza. Kama ningeliuliza, toba yangu ingekuwa biashara: nimekupa makosa yangu, nipe watoto. Nilimwambia tu kwamba nitamtafutia mama yake ndagala nzuri za kubeba.

Masomo yalipofungwa walikwenda. Niliwafungia ndagala katika mfuko, nikazikung’uta kwanza mchanga mwenyewe, mara mbili. Hakuniambia siku ya kurudi nami sikuuliza. Mdogo alinipungia mkono kutoka kwenye gari mpaka vumbi likamficha.

Nyumba ilikuwa tupu majuma mengi. Niliendelea na sheria yangu ya kusimama mlangoni, ingawa ndani hapakuwa na mtu wa kukosewa. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo kubwa kuliko yote. Siku ya tatu nilijikuta ninamlaumu kuku kwamba hajui kutaga mahali pazuri, kwamba kuku wa siku hizi hawana malezi. Nikacheka peke yangu uwanjani. Mkwe wangu alikuwa mbali, tambarare, na bado lawama zilikuwa zinatoka, mbichi, zinatafuta mtu. Basi hazikuwa zake hata siku moja. Vijana, kama mnataka kujua lililo lenu na lililo la wengine, kaeni siku chache bila mtu wa kumlaumu, mwone kama mdomo utanyamaza.

Asubuhi nilikuwa ninapiga magoti bila maneno. Nilikuwa ninangoja mpaka nijue nimekuja kwa nani. Siku nyingine nilijua, nikaomba. Siku nyingine sikujua, nikainuka nikafagia. Jirani yangu aliniuliza juu ya ukuta kama ninaumwa, maana asubuhi hasikii habari za nyumba yetu tena. Nikamwambia habari zimekwisha, atafute redio.

Meza ya Bwana ilipofika tena, mkwe wangu alikuwa hajarudi. Niliviosha vikombe, nikajipima, na safari hii nilishiriki. Mchungaji hakuniuliza. Sikushiriki kwa sababu nimekuwa safi. Nilishiriki kwa sababu kosa langu lilikuwa na jina na mwenye kukosewa alikuwa amelisikia kwa masikio yake.

Walirudi siku nne kabla ya shule kufunguliwa, juu ya gari lililotoka tambarare na magunia. Mwanangu pia alikuwa ameshuka kutoka mashua. Watoto walikuwa wamenenepa kwa mchele wa bibi yao mwingine. Mkwe wangu alishusha mfuko wake, akanisalimu, akasema amerudi, na kwamba kuna jambo moja lazima tulizungumze kabla hajafungua mizigo, ni la maombi ya asubuhi. Nikamwambia la asubuhi nimekwisha liamua, aingize kwanza vitu vyake, ale. Mwanangu alitutazama sisi wawili kama mtu anayetazama mawingu.

Tulipomaliza kula, vyombo vikiwa bado chini, niliwaita wote wakae pale uwanjani, mwanangu, mke wake na watoto, nikawaambia:

“Kuanzia kesho asubuhi, mama wa nyumba hii njo ataongoza maombi, minye nitapiga magoti pamoja na ninyi na nitaitika. Muntu akiwa na neno juu ya mwenzake, mukubwa ao mutoto, amwendee amwambie usoni, kabla ya kupiga magoti, na akishindwa kumwambia, siku ile asiombe kwa sauti. Na sheria hii inaanza na minye.”